Baada ya Baba Mdogo Kuondoka

Jumatatu asubuhi nilirejea Leipzig kutoka uwanja wa ndege wa Frankfurt, nilikokwenda kumsindikiza Baba Mdogo. Nilipofungua mlango nilikuta kiti kimoja cha mezani kikiwa bado kimeelekezwa dirishani. Hapo ndipo alipokuwa akikaa kila alfajiri kwa wiki tatu, amejitanda koti langu la baridi katikati ya mwezi Julai, akitazama watu wakienda kazini. Nilikishika ili nikirudishe mahali pake, kisha nikakiacha.

Siku iliyofuata ratiba yangu ilinidai. Mapipa ya taka hapa yana siku zake, karatasi siku yake na mabaki ya chakula siku yake, na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimezisahau zote. Mitihani ya wanafunzi ilikuwa imerundikana ikisubiri kusahihishwa. Chini ya sinki palikuwa na mfuko wa chupa tupu za plastiki. Chupa hizo hurejeshwa dukani kwa senti 25 kila moja, na Baba Mdogo alikuwa amejiteua mwenyewe kuwa mkusanyaji wake. Aliniambia kwamba nchi inayomlipa mtu kwa kutotupa takataka imefikiri kidogo. Fedha alizopata aliziweka kwenye soksi, na siku ya mwisho alimnunulia binti yangu malai kwa fedha hizo. Mfuko uliobaki niliupeleka dukani mimi, nikapata yuro mbili na nusu, na sikujua nizifanyie nini.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijapona. Labda niwaeleze wasomaji wangu alikuja na nini, maana wengi mmeniuliza kwa nini nimekaa kimya tangu Juni.

Baba Mdogo ni mdogo wa marehemu baba yangu. Ni mkulima wa mpunga na ufuta huko Msangano, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, na ni mzee wa Kanisa la Moravian. Anayeijua Songwe kwa kupita Tunduma tu, penye foleni ya malori yanayoelekea Zambia, hajaijua Msangano. Kule ni bondeni, joto ni kali kuliko kwenye kahawa ya Mbozi, na maji ya mto Momba yanateremka kwenda kuishia Ziwa Rukwa. Alisubiri mavuno yaishe ndipo akapanda basi kwenda Dar es Salaam. Ili apewe viza ilinibidi nitie saini hati ya kuahidi mbele ya maofisa wa hapa kwamba gharama zake zote, hata za ugonjwa, zitakuwa juu yangu. Mtu aliyeuza ufuta wake ili mimi nisome sekondari, leo mimi ndiye mdhamini wake kwa karatasi. Nilipomwambia hilo alicheka sana. Alisema afadhali karatasi ifahamu kwamba deni limegeuka.

Katika mkoba wake alileta unga wa ulezi, karanga, na jambo. Unga na karanga alivitoa siku ya kwanza. Jambo alilitoa siku ya tatu, baada ya chakula cha jioni, kama ilivyo desturi.

Jambo lenyewe ni shamba la babu. Kijijini wanapima ardhi na kuandaa hati za hakimiliki ya kimila, na ukoo umeamua shamba ligawanywe kwa majina ili vizazi vijavyo visije vikapelekana barazani. Fungu la marehemu baba linanihusu mimi. Ilitakiwa nitoe jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Taifa, na namba ya NIDA. Nilimjibu kwamba nitafikiri. Akasema, “Haya, mwanangu,” na hakulirudia tena.

Kwa nini mtu afikiri kuhusu kuandika jina lake? Kwa sababu juu ya rafu ya vitabu, mita mbili kutoka pale tulipokuwa tumekaa, palikuwa na fomu ya kuomba uraia wa Ujerumani. Ilikuwa imejazwa, imebaki saini na ada ya yuro 255. Tangu tarehe 27 Juni 2024 sheria ya hapa inamruhusu anayeomba uraia abaki na uraia wake wa awali, na muda wa kuishi unaotakiwa umepungua kutoka miaka minane hadi mitano. Ujerumani haina tatizo nami. Tatizo liko kwetu. Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inasema wazi kwamba mtu mzima akijitwalia uraia wa nchi nyingine kwa hiari, anaupoteza wa Tanzania. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, inapotaja nani anaweza kuomba hakimiliki ya kimila, inamtaja raia aliye mwanakijiji.

Kwa hiyo wiki tatu nzima nilitembea na Baba Mdogo mijini na vijijini nikiwa nimemficha karatasi moja. Sitafuti maneno mazuri ya kulipamba hilo. Nilimficha.

Tulikwenda Berlin kwanza. Nilitaka aione Lucy-Lameck-Straße, mtaa wa Neukölln uliopewa jina la mwanamke wetu mwaka 2021. Zamani ulikuwa ukiitwa kwa jina la Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Baba Mdogo alimkumbuka Lucy Lameck kwa sauti ya redio ya ujana wake, akasimama chini ya kibao cha mtaa akaomba apigwe picha akiwa amevua kofia. Kisha tukaenda Wilhelmstraße, penye kibao cha maelezo kuhusu mkutano wa mwaka 1884 hadi 1885 ulioliweka bara letu mezani. Akaniuliza kama mpaka wa Tunduma ulichorwa pale. Nilimfafanulia, kwa sauti yangu ya darasani naogopa, kwamba mkutano ule haukuuchora mpaka wetu. Ulitokana na mkataba wa Uingereza na Ujerumani uliotiwa saini hapohapo Berlin tarehe 1 Julai 1890, na alama zake zikaja kuwekwa na tume ya pamoja iliyotembea kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika mwaka 1898. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, “Sisi tulibaki tunaoa kulekule.”

Ni kweli. Wanyamwanga wako Tunduma na wako Nakonde, na kutoka soko moja hadi jingine ni mwendo wa miguu. Shangazi zangu wawili wameolewa upande wa pili. Kuna binamu yangu wa Nakonde ambaye, akitaka kesho kuchukua uraia wa Ujerumani, atabaki Mzambia, kwa kuwa marekebisho ya Katiba ya Zambia ya mwaka 2016 yanamruhusu. Babu yetu ni mmoja. Kinachonitofautisha naye ni mstari uliokubaliwa na watu ambao hawakuwahi kuufikisha mguu wao Msangano, na serikali zetu huru zikaulinda vizuri kuliko walivyoulinda wao.

Safari aliyoisubiri zaidi, hata hivyo, ilikuwa ya Herrnhut. Kwa Mmoravian wa Songwe au Rungwe, Herrnhut ni jina analolisikia tangu shule ya Jumapili. Kutoka Leipzig unapanda treni hadi Dresden, unabadilisha kuelekea mpaka wa Poland, unashuka mji unaoitwa Löbau, kisha unachukua basi. Treni yetu ilichelewa dakika arobaini, jambo lililomfurahisha Baba Mdogo kupita kiasi. Aliitaja TAZARA kwa upendo mara tatu.

Mji wenyewe ni mdogo na mtulivu. Ulianza Juni 1722, seremala aitwaye Christian David alipokata mti wa kwanza katika ardhi ya Mwinyi Zinzendorf, kwa ajili ya wakimbizi wa imani waliovuka kutoka Moravia. Kutoka hapo wamisionari walitawanyika duniani, na mwaka 1891 walifika Rungwe. Leo Wamoravian wa Tanzania ni wengi kuliko wa nchi nyingine yoyote, na mji mama una watu wa kujaza vijiji vyetu vichache tu. Mwaka 2024 UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia. Baba Mdogo aliingia katika ukumbi mweupe wa kanisa, akaketi kwenye benchi, akakaa kimya muda mrefu hata nikaanza kutazama saa. Nilijionea aibu baadaye. Nilikuwa nikihesabu basi la kurudi.

Makaburi yao yako kwenye mteremko nje kidogo ya mji, na huitwa Shamba la Mungu. Yeye alilipenda jina hilo kabla hajaona kitu. Mawe yamelazwa bapa ardhini, yanafanana, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili. Ni ya akina Zinzendorf tu yaliyoinuliwa katikati. Tulitembea baina ya mistari nikimsomea majina na tarehe. Nilimweleza pia kwamba Wamoravian wana desturi ya kila mtu kuandika historia ya maisha yake, isomwe siku ya mazishi, na kwamba maelfu ya historia hizo zimehifadhiwa katika nyaraka za kanisa palepale mjini. Akasema hilo si geni, kwetu pia marehemu husomewa wasifu kabla ya kuteremshwa kaburini. Akatembea hatua chache, mikono nyuma.

“Na wako,” akasema, “utasomwa wapi?”

Hakuniuliza kwa kunisuta. Aliniuliza kama mtu anayepanga safari na anataka kujua kituo. Sikuwa na jibu, nikasema kitu kuhusu bima ya kusafirisha maiti, ambayo kwa kweli ninayo, kwa kuwa chama chetu cha Watanzania hapa kinatuhimiza kila mwaka. Alitikisa kichwa. “Hilo ni sanduku. Mimi nauliza wasikilizaji.”

Kwenye jukwaa la stesheni ya Löbau, tukisubiri treni ya jioni, nilimwambia habari ya fomu. Nilimweleza yote, sheria ya huku na sheria ya kule, na kwamba nimechoka kupanga foleni ya kibali cha ukaazi kila kinapokwisha. Binti yangu amezaliwa hapa, ana uraia wa pande zote mbili hadi atakapotimiza miaka 18, ndipo sheria yetu itakapomtaka achague. Nilitegemea ahuzunike, au anikemee. Aliuliza swali moja tu: kama nikisaini, nitahitaji viza kwenda kumzika yeye. Nikasema ndiyo. Akasema, “Basi uiombe mapema. Mimi si kijana.” Kisha akafungua mfuko wa karanga.

Haya ndiyo niliyoyarudisha nyumbani, na ndiyo yaliyonifanya nione jinsi maisha ya kila siku ya ugenini yalivyo na ujanja wake. Kabla mgeni hajaja, nilikuwa nikiamini kwamba bado sijaamua. Fomu iko rafuni, kwa hiyo mlango uko wazi. Lakini nikiitazama wiki yangu ilivyo, Jumanne mapipa, Jumatano kikao cha idara, Ijumaa binti apelekwe kuogelea, naona kwamba nilikwisha kuamua kidogokidogo bila kutia saini popote. Miaka kumi na minne ya Jumanne ni uamuzi.

Najua kuna wasomaji watakaotaka niseme ubaya ni wa serikali. Sehemu ni wa serikali. Suala la uraia pacha lilizungumzwa kwa moto wakati wa Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, likapoa pamoja na Katiba yenyewe. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria za uhamiaji na ardhi yanayoweka hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa kwingine. Ni hatua, sibezi. Lakini hadhi hupewa mtu na ofisi, na kinachotolewa na ofisi kinaweza kurudishwa ofisini, ilhali mimi sikupewa Msangano na mtu yeyote. Hoja ya usalama wa taifa, kwamba mwenye pasipoti mbili ana mioyo miwili, ningeomba wanaoitoa waende Tunduma wakae wiki moja sokoni. Wataona watu wenye mioyo miwili wakilipa ushuru pande zote mbili.

Hapo ndipo ningeishia, kama dada yangu hangepiga simu.

Ilikuwa Alhamisi, siku ya tatu tangu mgeni aondoke. Alitaka kujua kama Baba Mdogo alikula vizuri. Tukazungumza kuhusu magoti yake na kuhusu bei ya mpunga. Kisha nami, nikiwa na hamu ya kuzungumza na mtu anayenielewa, nikaanza kumweleza shida yangu: sheria, fomu, hati ya kimila, fungu la baba. Nilizungumza kwa muda mrefu. Alinisikiliza, halafu akauliza, “Kwani shamba hilo analilima nani?”

Anayelilima ni yeye. Tangu mumewe alipofariki na yeye kurudi nyumbani na watoto, msimu hadi msimu, ndiye anayelipa vibarua wa kupandikiza mpunga, ndiye anayelala shambani kufukuza ndege. Gunia tatu hunitunzia kila mwaka, kwa heshima, kisha huziuza na kunitumia ujumbe kwamba fedha “zako” zimelipa ada ya mtoto fulani. Yeye ni raia na ni mwanakijiji. Sheria ileile ya mwaka 1999 niliyokuwa nikiinukuu inampa mwanamke haki sawa na mwanaume katika ardhi ya kijiji, na mimi mwenyewe nimeandika kuhusu kifungu hicho hapa, zaidi ya mara moja, nikiwalaumu wazee wa mabaraza. Wiki tatu nililala nikiliwaza shamba kama jambo lililo kati yangu na dola mbili. Jina la dada yangu halikunijia hata mara moja. Wala halikutajwa na Baba Mdogo, lakini yeye hajasoma hadi udaktari wa falsafa.

Nilimwambia liandikwe kwa jina lake. Alikaa kimya kidogo, akasema, “Usiniambie mimi. Waambie wao.”

Usiku huo nilimwandikia Baba Mdogo. Na hapa sina budi kusema jambo linalonitia mashaka. Nilipokuwa nikiandika nilijisikia mwepesi, na wepesi ule haukunipendeza. Shamba likiwa la dada, fomu inakuwa rahisi kusainiwa. Inawezekana nimempa haki yake. Inawezekana pia nimejisafishia njia ya kuondokea, na kulipa jina zuri. Nimeyapima haya mawili kwa siku kadhaa na sijaweza kuyatenganisha. Nimeamua kwamba dada yangu hana sababu ya kusubiri hadi dhamiri yangu inyooke.

Jibu la Baba Mdogo lilikuja baada ya siku mbili, alipofika Msangano na kupata mtandao. Alisema amefika salama, joto limeanza, na kwamba suala langu si dogo. Ukoo utakaa kikao. Wapo watakaosema shamba la babu linahamia kwa wakwe, maana dada ana watoto wa ukoo mwingine. Akataka maneno yangu yaje kwa maandishi, niyatie saini, na siku ya kikao niwe kwenye simu tangu mwanzo hadi mwisho. “Usije ukasema mtandao umekatika,” aliandika. Ananijua.

Barua nimeiandika, kurasa mbili, kwa mkono. Nimetaja kifungu cha sheria mara moja tu, kwa kuwa najua wazee hawapendi kusomewa, na sehemu kubwa nimeeleza nani amelilima shamba tangu lini. Nimempigia dada kuhakiki misimu. Amenisahihisha mara mbili.

Kikao ni Jumapili ya wiki ijayo, saa nane mchana kwa saa za nyumbani, saa saba kwa hapa. Nimekiandika kwenye kalenda ya jikoni, chini ya siku ya pipa la karatasi. Binti yangu ameuliza kama anaweza kuwepo amsalimie babu, nikamwambia akae pale kwenye kiti cha dirishani, mtandao hushika vizuri zaidi. Fomu bado iko rafuni.